Kwenda Ilulissat kutazama milima ya barafu: mwongozo kamili, kuanzia viza hadi ufukweni

Kwa Kalaallisut, lugha ya wenyeji wa Greenland, ilulissat ni milima ya barafu inayoelea baharini. Mji wenye jina hilo una watu 5,000 hivi. Uko pwani ya magharibi ya Greenland, kwenye Ghuba ya Disko, nyuzi 69 kaskazini mwa ikweta, karibu kilomita 300 kupita Duara ya Aktiki. Hakuna barabara inayouunganisha na mji mwingine wowote. Utafika kwa ndege au kwa meli, na vyote viwili hungoja hali ya hewa na barafu.

Safari nyingi za Ilulissat huharibika kwa sababu msafiri amepanga siku zake kama anayekwenda Ulaya: siku tatu, kila saa ina shughuli, tiketi ya kurudi imebanana na ile ya kuendelea nyumbani. Huku barafu ndiyo inayopanga ratiba. Jiwekee siku za akiba tangu mwanzo na mengi yatanyooka yenyewe.

Barafu yenyewe inatoka wapi

Soma sehemu hii kabla ya zote, kwa kuwa usalama wako unategemea kuielewa.

Kusini kidogo ya mji kuna hori, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu, refu la zaidi ya kilomita 50, liitwalo Kangia. Mwisho wake wa ndani kuna Sermeq Kujalleq, barafuto kubwa, yaani mto wa barafu unaotambaa polepole kutoka kwenye barafu kuu inayofunika Greenland. Polepole ni kwa macho tu. Kati ya barafuto zote duniani hii ni miongoni mwa zenye mwendo wa kasi zaidi: imepimwa ikitembea mita 19 kwa siku, na kwa vipindi fulani tangu mwaka 2000 imezidi mara mbili ya hapo. Ncha yake hukatika vipande, na kila mwaka humwaga zaidi ya kilomita za ujazo 35 za barafu ndani ya hori. UNESCO iliingiza hori hili kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004.

Vipande hivyo huelea kuelekea baharini, safari inayoweza kuchukua mwaka au zaidi. Kisha vinakwama. Mdomoni mwa hori, chini ya maji, kuna tuta lililoachwa na barafuto zamani ilipofika hadi hapo. Ndani hori ni la kina kirefu sana, ila juu ya tuta kina ni mita 200 na kitu tu. Kipande kikubwa hugusa chini na kusimama, vingine vikajipanga nyuma yake, na ndiyo maana ukisimama nje kidogo ya mji unaona safu nzima ya milima myeupe imetulia kana kwamba imejengwa pale. Haijatulia. Inayeyuka, inapasuka, inasukumwa na yanayokuja nyuma, mpaka siku moja mlima unapungua uzito, unavuka tuta na kuondoka.

Kumbuka jambo moja: karibu sehemu tisa katika kumi za barafu ziko chini ya maji. Sehemu ya chini ikiyeyuka kuliko ya juu, uzito unahama, na mlima wote hupinduka bila onyo la maana. Mlima wenye ukubwa wa mtaa ukipinduka husukuma wimbi. Kwenye maji marefu wimbi hilo hulioni sana. Likifika ufukweni hupanda ghafla mita kadhaa na kuvuta kila kitu likirudi.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Jua halizami kabisa kuanzia karibu tarehe 21 Mei hadi karibu tarehe 24 Julai. Halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Tarehe 13 Januari wenyeji hukusanyika mlimani kulipokea linaporudi.

Julai na nusu ya kwanza ya Agosti ni msimu mkuu. Joto huzunguka nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi, boti zote zinatembea, nyangumi wamejaa ghubani, na bei ziko juu. Pia kuna mbu. Hawaenezi malaria, lakini ni wengi kuliko unavyoweza kuamini kwa nchi ya barafu, na wanakera kiasi cha kuharibu matembezi ya nchi kavu. Nunua chandarua cha kuvaa kichwani.

Machi ni mwezi wa sleji za mbwa, vigari visivyo na magurudumu vinavyokokotwa na mbwa juu ya theluji. Mchana umeshakuwa mrefu, theluji ni ngumu, na baridi ya nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri ni ya kawaida. Boti hutembea kwa kubahatisha kwa sababu bahari yenyewe inaweza kuganda.

Ukituuliza, tutakwambia uende kati ya wiki ya mwisho ya Agosti na katikati ya Septemba. Mbu wamekwisha, boti bado zipo, nyasi na vichaka vimegeuka vyekundu na vya manjano, na usiku umerudi kiasi cha kuonekana nuru za kaskazini, zile pazia za kijani zinazocheza angani. Ndicho kipindi kizuri zaidi cha kupata barafu kwa boti mchana na nuru hizo usiku katika safari moja. Ubaya wake ni mvua na ukungu wa mara kwa mara, basi weka angalau usiku tano mjini.

Hatua ya pili: viza, na kosa linalowakwamisha wengi

Greenland ni sehemu ya Ufalme wa Denmark lakini haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika eneo la Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kwa hiyo viza ya kawaida ya Schengen, hata iliyotolewa na Denmark yenyewe, haikupi ruhusa ya kuingia Greenland. Lazima viza iwe na maandishi yanayoitaja Greenland waziwazi. Watu hufika Copenhagen wakiwa na viza nzuri tu, wakazuiwa kupanda ndege ya Nuuk, mji mkuu wa Greenland, kwa kukosa maneno hayo.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo afanye hivi:

1. Omba kupitia ubalozi wa Denmark au kituo cha maombi kinachoihudumia nchi yako. Usiombe kupitia nchi nyingine ya Schengen ukidhani utaongeza Greenland baadaye.
2. Kwenye fomu na kwenye barua yako taja safari zote mbili: Denmark (au Iceland) kama njia, na Greenland kama mwisho wa safari. Omba viza zote mbili kwa pamoja.
3. Omba ruhusa ya kuingia Schengen zaidi ya mara moja. Ukienda Greenland umetoka Schengen, na kurudi kupitia Copenhagen ni kuingia upya.
4. Ambatanisha ratiba ya ndege, uthibitisho wa malazi ya kila usiku, taarifa za benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, na bima ya safari. Schengen inadai bima isiyopungua yuro 30,000. Kwa Greenland chukua kubwa zaidi, yenye usafiri wa dharura wa mgonjwa kwa ndege, kwa maana hospitali ya Ilulissat ni ndogo na kesi nzito hupelekwa Nuuk au Denmark.
5. Peleka maombi mapema. Yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kawaida ni siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, mbali na malipo ya kituo.
6. Siku ukipokea pasipoti, soma maandishi hapo hapo kabla hujatoka mlangoni. Kama Greenland haikutajwa, rudisha.

Unayeishi Ulaya kwa kibali cha ukaazi, usidhani kibali hicho kinatosha. Uliza ubalozi wa Denmark kwa maandishi, na ubebe jibu lao safarini.

Usilipe tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya viza. Mashirika mengi yanakubali kushikilia nafasi, na malazi mengi hukuruhusu kughairi bila gharama ukiwahi.

Hatua ya tatu: ndege au meli

Tangu tarehe 28 Novemba 2024 Nuuk una uwanja wenye njia ya kurukia ya mita 2,200, na ndege kubwa za Air Greenland hutua hapo moja kwa moja kutoka Copenhagen. Zamani abiria walishukia Kangerlussuaq kwanza; ukisoma mwongozo unaokuelekeza huko, ujue umepitwa na wakati. Safari hiyo ni saa tano hivi. Kutoka Nuuk, ndege ndogo ya mapangaboi hukupeleka Ilulissat kwa saa moja na zaidi kidogo. Ilulissat nayo ilianza kujengewa uwanja wa urefu kama wa Nuuk, kwa hiyo kagua ratiba za sasa kabla ya kupanga vituo. Kiangazi zipo pia ndege za kutoka Iceland.

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe utaunganisha hadi Copenhagen kupitia Istanbul, Doha, Dubai au Amsterdam. Lala Copenhagen usiku mmoja wakati wa kwenda, na usiku mmoja au miwili wakati wa kurudi. Sababu yake ni ukungu na upepo: ndege za Greenland huahirishwa mara nyingi, na ukiwa umenunua safari ya nyumbani kwa tiketi tofauti inayoondoka jioni ile ile, kuchelewa ni juu yako. Vipande vyote vya ndani ya Greenland vikate kwenye tiketi moja na ile ya Copenhagen. Hapo ndege ikikwama Nuuk, ni kazi ya shirika kukutafutia nafasi nyingine. Ukikata vipande mbalimbali, unabaki peke yako kwenye foleni.

Mwenye muda achukue meli ya pwani, Sarfaq Ittuk, inayopanda kutoka kusini kupitia Nuuk hadi Ilulissat. Hutembea mara moja kwa wiki katika msimu wake na kutoka Nuuk inachukua karibu siku mbili. Kitanda cha chumba cha pamoja ni nafuu, abiria wengi ni wenyeji wanaokwenda kuona ndugu, na kuikaribia Ghuba ya Disko kwa bahari huku vipande vya barafu vikiongezeka saa kwa saa ni namna bora kuliko zote za kufika. Nenda kwa meli, rudi kwa ndege. Usifanye kinyume chake, kwa kuwa barafu ikiichelewesha meli utakosa ndege ya nyumbani.

Saa za Greenland ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa nne majira ya kiangazi na saa tano majira ya baridi.

Malazi, fedha na simu

Vyumba ni vichache. Kwa Julai na Agosti weka nafasi miezi minane hadi kumi kabla. Bei ni za Denmark na kuzidi, kwani karibu kila kitu kinaletwa kwa meli. Nyumba za wageni zenye jiko la pamoja hupunguza gharama sana: maduka ya Brugseni na Pisiffik yana mchele, mayai, mkate, samaki na mboga zilizogandishwa. Mboga mbichi ni ghali na si nzuri kila wiki. Maji ya bomba ni salama, usinunue ya chupa.

Fedha ni krone ya Denmark. Kadi inapokelewa karibu kila mahali, ila beba krone chache taslimu kwa wauzaji wadogo. Shilingi hazibadilishwi huko. Geuza fedha Copenhagen.

Kampuni ya simu ni Tusass. Vifurushi vya intaneti vya Umoja wa Ulaya havifanyi kazi Greenland, na laini ya Denmark inaweza kukukata fedha nyingi kimyakimya. Zima data ya nje kabla ndege haijatua. Soketi za umeme ni za Ulaya zenye matundu mawili ya duara. Plagi yetu ya vyuma vitatu vya bapa inahitaji adapta.

Hatua ya nne: nguo, na mitumba itakavyokuokoa

Usinunue nguo za baridi Copenhagen kwa bei ya dukani. Makoti mazuri ya Ulaya yanaishia Gikomba, Karume na Owino, kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Moshi pia kuna maduka yanayouza na kukodisha vifaa vya wapanda Kilimanjaro: suruali za kuzuia maji, glavu, kofia, viatu.

Panga kwa tabaka tatu. Ya ndani, inayogusa ngozi, iwe ya sufu nyembamba au kitambaa cha michezo kinachokauka upesi, isiwe pamba. Pamba hunywa jasho na kubaki na maji, na maji hayo hukupokonya joto ukisimama. Ya kati iwe sweta nene la sufu au flisi. Ya nje izuie upepo na mvua. Kwa kiangazi, ongeza koti jepesi lililojazwa manyoya ya ndege, la kuvaa kwenye boti. Kwa Machi, koti hilo liwe nene na lifike chini ya makalio.

Kukagua koti la manyoya la mtumba: likunje ngumini, liachie. Likivimba tena ndani ya dakika moja, manyoya yake bado ni mazima. Likibaki bapa au ukihisi madonge, liache. Vuta zipu juu na chini mara tatu. Livae na kofia yake, ugeuze kichwa: kofia igeuke nawe, isikuzibe macho.

Viatu viwe vya kupandia mlima, na nafasi ya soksi mbili. Kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole hupoa hata ukivaa soksi tano. Majira ya baridi ongeza vyuma vidogo vya kufunga chini ya soli, maana mitaa ya Ilulissat ina miteremko na barafu yake huteleza kama kioo. Glavu jozi mbili, nyembamba ndani ya nene. Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua ni lazima hata kwa ngozi nyeusi, kwani barafu na maji hurudisha mwanga kutoka chini na kuchoma midomo, pua na macho. Ukienda kiangazi, chukua kitambaa cha kuziba macho wakati wa kulala.

Hatua ya tano: kutembea kwa miguu

Anzia Kangiata Illorsua, kituo cha hori la barafu kilichofunguliwa mwaka 2021 pembeni mwa mji. Jengo lenyewe, kazi ya msanifu Dorte Mandrup, limejikunja juu ya mwamba na paa lake linatembeleka bure. Ndani utaona maelezo ya barafu na ya watu waliokaa hapa, na wahudumu watakwambia hali ya njia siku hiyo.

Kutoka hapo kuna njia ya mbao ya zaidi kidogo ya kilomita moja hadi Sermermiut, bonde walilokaa watu wa tamaduni za Saqqaq, Dorset na Thule kwa nyakati mbalimbali katika miaka zaidi ya 4,000. Usishuke kwenye mbao. Udongo chini yake ni tabaka za mabaki ya makazi hayo, na nyayo zinaziharibu.

Mwisho wa njia hiyo bahari iko chini yako na ufuko mdogo unavutia sana. USISHUKE UFUKWENI. Mabango yanasema hivyo, na sababu ni lile wimbi tulilolieleza. Mlima unaopinduka mbali kidogo unaweza kuleta maji juu ya mawe unayosimama kabla hujapata nafasi ya kupanda. Kanuni rahisi: kaa juu ya mstari ambapo mwamba una kuvu na nyasi. Mwamba uliosuguliwa mtupu unaonyesha maji hufika hapo.

Njia nyingine zimewekwa alama za rangi kwenye mawe. Ya manjano, karibu kilomita 2.7, inafuata pwani kutoka ukingo wa mji na inafaa jioni. Ya buluu, karibu kilomita 7, inapanda kandokando ya hori na kurudi kupitia bara. Itengee saa tatu hadi nne, ubebe maji na chakula. Mandhari ya buluu ndiyo bora, kwa sababu unaiona barafu ikiwa imejazana kutoka ukuta hadi ukuta, na huioni bahari kabisa. Keti kimya nusu saa. Utasikia milio kama ya bunduki, kisha ngurumo, na mara nyingi hutaona kilichopasuka.

Ukitegemea dira ya sindano, jua kwamba hapa sindano huelekea magharibi ya kaskazini halisi kwa zaidi ya nyuzi 20. Tumia ramani ya simu iliyopakuliwa kabla, na uiweke simu mfuko wa ndani.

Hatua ya sita: boti

Weka nafasi ya boti kwa siku yako ya kwanza au ya pili mjini, usiiache ya mwisho. Upepo unaotoka baharini husukuma vipande hadi kuziba mlango wa bandari, na safari huahirishwa. Ukiwa na siku tatu mbele, unahamishiwa kesho. Ukiwa na siku moja, unarudishiwa fedha na unakwenda nyumbani hujaona.

Kiangazi chagua safari ya usiku, inayoondoka saa tatu au saa nne usiku. Jua liko chini, mwanga unakuja kwa ubavu, na barafu nyeupe hugeuka ya waridi na ya dhahabu. Safari ya mchana ni nzuri, lakini picha zake huwa bapa. Huchukua saa mbili na nusu hivi. Kama una uwezo wa mbili, ya pili iwe ya nyangumi, au ya siku nzima kwenda Eqi, karibu kilomita 80 kaskazini, ambako boti husimama mbele ya barafuto inayomega vipande baharini.

Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: Je, boti ina mavazi ya kuokolea kwa kila abiria? Ina chumba cha ndani chenye joto? Nahodha hukaa umbali gani na milima? Mabaharia wa Newfoundland, kisiwa cha Kanada ambako barafu ya Greenland huishia, hukaa mbali kwa urefu wa mlima wenyewe au mara mbili ya kimo chake, kutegemea kipi ni kikubwa. Ni kipimo kizuri cha kumpima nacho nahodha yeyote. Anayekuahidi kukupeleka uguse barafu, achana naye.

Vaa kwa baridi zaidi ya mjini. Hata Julai, hewa kati ya milima huwa karibu na sifuri, na mwendo wa boti huongeza upepo. Kaa nje upande usio na upepo, ingia ndani kila baada ya dakika 20.

Ukiona mistari ya buluu ndani ya mlima mweupe, hayo ni maji yaliyoingia kwenye nyufa yakaganda bila hewa. Weupe wa sehemu nyingine ni viputo vya hewa ya kale iliyobanwa. Kipande kidogo kikiyeyuka karibu na sikio lako utasikia kikichemka kama soda.

Boti pia huenda Oqaatsut kaskazini na Ilimanaq kusini, vijiji vya watu wachache mno. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na usiingie uani kwa watu hata kama hapana uzio. Maneno mawili yatakusaidia: *aluu* ni salamu, *qujanaq* ni asante.

Mbwa

Mbwa wa Ilulissat ni wa kazi. Wamefungwa minyororo nje, wana njaa ya kazi, na hawana mazoea ya kushikwa na wageni. Usiwaguse, usiwalishe, usipite ndani ya duara ambalo mnyororo unafika. Vitoto huachwa huru na huja kucheza. Hata hivyo waache, maana mama yuko karibu na mnyororo wake unaweza kuwa mrefu kuliko unavyoona. Mbwa mkubwa akiwa hana mnyororo, rudi nyuma taratibu na umwarifu mtu.

Kwa safari ya sleji, saa mbili zinamtosha anayeanza. Unakaa tu bila kusogea, ndiyo maana baridi huingia hata ukiwa umevaa vizuri. Kodi mavazi ya ngozi ya sili, mnyama wa baharini, kwa mwenye sleji. Hakuna koti la kiwandani linaloyashinda. Miguu ikae juu ya sleji wakati wote, na ikipinduka usiishike kwa mkono mmoja ukaburutwa, iachie. Mbwa hawafungwi wawili wawili kama Alaska. Kila mmoja ana kamba yake na wanajitandaza mbele kama kipepeo cha ukili.

Chakula na ibada

Samaki wa hapa, hasa halibati wa Greenland, ndiye anayelisha mji. Wakati wa baridi wavuvi humvua kwa kamba ndefu hata kupitia matundu kwenye barafu. Wa kukaushwa kwa moshi ni mtamu sana. Suaasat ni supu ya nyama ya sili, mchele, viazi na vitunguu. Mattak ni ngozi ya nyangumi na mafuta yake, huliwa mbichi kwa vipande vidogo. Asiyekula nyama isiyochinjwa kisheria atabaki na samaki na kamba wa baharini, na hatapungukiwa kitu.

Muislamu ajiandae kabla ya kuondoka. Juni na Julai jua halizami, kwa hiyo Magharibi, Isha na Alfajiri hazina alama angani. Masheikh wana kauli zaidi ya moja: wapo wanaofuata nyakati za mji wa karibu wenye usiku na mchana, wapo wanaofuata Makka. Muulize wako, uandike ratiba kwenye karatasi. Kibla kiko karibu mashariki kamili, kikisogea kidogo kaskazini, na ukitumia dira kumbuka lile kosa la nyuzi 20 na zaidi.

Yanayoharibika mara kwa mara

Betri hufa. Baridi hupunguza nguvu zake, simu yenye asilimia 40 ikazimika ghafla. Weka betri za ziada karibu na mwili. Iliyozimika mara nyingi hufufuka ikipata joto.

Kamera hulowa ukiingia ndani. Hewa yenye joto hugeuka maji juu ya kioo baridi, na pengine ndani ya lenzi. Kabla hujaingia, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ulioziba, uiache humo saa moja au mbili mpaka ipate joto la chumba.

Ukungu unaweza kuficha kila kitu siku mbili. Siku hizo ni za makumbusho katika nyumba alikozaliwa mwaka 1879 mvumbuzi wa nchi za Aktiki Knud Rasmussen, na za bandarini, kutazama wavuvi wakishusha samaki.

Majira ya baridi utaona watu wakitembea juu ya bahari iliyoganda. Wao wanajua mikondo ya maji chini yake. Wewe usiwafuate bila mwenyeji anayewajibika. Droni nayo usiirushe bila kibali, hasa juu ya hori na karibu na uwanja wa ndege.

Na zawadi za kupeleka nyumbani: pembe za narwali (nyangumi mwenye jino refu kama pembe), meno ya nyangumi na mapambo yake zina masharti makali ya kimataifa, na forodha ya nchi utakayopitia inaweza kuzitaifisha. Ngozi ya sili nayo huhitaji cheti kuingia Umoja wa Ulaya. Mwombe muuzaji akupe kabla ya kulipa. Sanamu ndogo ya tupilak, kiumbe wa imani za kale za Greenland, iliyochongwa kwa pembe ya kulungu wa kaskazini ni chaguo lisilo na usumbufu. Omba risiti inayotaja imetengenezwa kwa nini, uiweke kwenye begi la mkononi pamoja na pasipoti.